Nyanya zina unga mweupe wa dawa, nazioshaje jamani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka miwili, nakaa Tabata. Nyanya ninazonunua siku hizi zina unga mweupe-mweupe hasa pale kwenye kikonyo, muuzaji ananiambia ni dawa ya shamba tu haina shida, futa na khanga utumie. Kwenye grupu letu la kina mama kila mtu ana lake, mmoja anasema loweka kwenye chumvi, mwingine siki, mwingine bekin soda, kuna dada yeye anaosha na sabuni ya unga kabisa. Wiki iliyopita mwanangu alikula kachumbari akaharisha siku mbili, nikaogopa sana. Je maji matupu yanatosha? Na zile za kupikia mchuzi si moto unaua dawa? Maji kwetu ni ya mgao.

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole kwa mtoto kuumwa. Nianze na jibu lenyewe maana najua nyanya ziko hapo jikoni zinasubiri. Maji safi yanafanya sehemu kubwa ya kazi, ila siyo maji ya kuchovya na kutoa, ni maji ya kusugulia. Huo unga unatoka kwa kusuguliwa, na unatakiwa utoke kabla nyanya haijaguswa na kisu wala moto. Chumvi, siki na hiyo bekin soda nitakuja kuzisema moja moja, sabuni ya unga mwambieni huyo dada aache leo hii. Alafu kuna dawa nyingine ambayo uoshe mpaka kesho haitoki kwa sababu haiko juu ya ganda, imeshaingia ndani ya nyanya, hiyo inatafutiwa njia nyingine kabisa.

Sasa huo unga ni nini. Mara nyingi ni dawa ya ukungu inayoitwa mankozebu. Ukienda kwenye mashamba ya nyanya, iwe Ilula kule Iringa, iwe Lushoto au Mgeta, wakati wa mvua utakuta mkulima ana mfuko wa unga wa njano uliopauka, anaukoroga kwenye ndoo, anamimina kwenye solo, ile pampu ya kupulizia inayobebwa mgongoni, anaanza kupiga. Anapambana na bakajani, ule ugonjwa unaochoma majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, shamba zima linaweza kuisha ndani ya siku chache tu. Mankozebu haimponyi mmea ulioshaugua, kazi yake ni kukaa juu ya jani na tunda kuzuia mbegu za ukungu zisiote, kwa hiyo imetengenezwa ili ishike juu na ibaki juu. Na haiyeyuki vizuri kwenye maji, ile uliyoiona mkulima anakoroga ni chembechembe zinaelea tu. Maji yakikauka zile chembe zinabaki zimegandia kwenye ganda. Ndo maana unazikuta nyingi pale kwenye kikonyo, pana kashimo, matone yanajikusanya hapo, yanakauka hapo, dawa inabaki hapo.

Ukilielewa hilo utaona mwenyewe kwa nini kuloweka peke yake hakusaidii sana. Kitu kisichoyeyuka hakitoki kwa kukaa kwenye maji, kinatoka kwa kusukumwa. Chukua nyanya moja yenye huo unga, ichovye kwenye beseni, itoe iache ikauke halafu iangalie kwenye mwanga, unga utauona bado upo, umesogea tu. Chukua nyingine ipitishe chini ya maji yanayotiririka huku unaizungusha kwenye kiganja na kuisugua kwa vidole, kidole gumba kipite kwenye kashimo ka kikonyo mara mbili tatu, ikikauka inakuwa safi inateleza. Hapo hujaweka chumvi wala siki wala chochote.

Mwaka 2000 kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Connecticut, Marekani, walitoa matokeo ya kazi yao ya kuosha matunda na mboga kwa maji ya bomba ya kawaida halafu kupima kilichobaki. Kati ya dawa 12 walizozifuatilia, 9 zilipungua kwa maji matupu. Na walichogundua ambacho watu wengi hawakutegemea ni kwamba haikujalisha sana kama dawa inayeyuka kwenye maji au haiyeyuki, kilichofanya kazi ni ule msukumo wa maji na kusugua, na ushauri waliotoa ni angalau sekunde 30 za kuosha huku unasugua. Walijaribu pia sabuni ya vyombo na zile dawa maalumu za kuoshea mboga zinazouzwa madukani kwao, hazikuzidi maji. Katika zile 3 zilizogoma kutoka imo klopirifosi, ambayo hata huku kwetu imetumika miaka mingi kwenye mboga. Hiyo ni ya jamii inayopenda mafuta, inajishika kwenye nta ya ganda. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali za sumu zinazodumu, zilikubaliana kuiweka kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, kwa hiyo tunakoelekea siyo kubaya, ila mpaka iishe madukani itachukua mda.

Tuje kwenye mgao wa maji, maana ushauri wa maji yanayotiririka ni rahisi kwa mwenye bomba ndani. Wewe tumia jagi au kata na beseni mbili. Nawa mikono kwanza kwa sabuni. Beseni ya kwanza weka nyanya, mimina maji ya kufunika, sugua moja moja kwa kiganja, hayo maji utaona yamekuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa maji mengi, yamwage chooni, usimwagie mchicha wako wala usiwape kuku. Beseni ya pili maji mapya, rudia, safari hii ukazanie kwenye kikonyo. Alafu malizia kwa kumiminia na jagi, nyanya moja mkononi, maji yanapita yanaenda zake. Kama unaosha nyingi, maji ya mwisho ya mkupuo wa kwanza yanaweza kuwa maji ya kwanza ya mkupuo wa pili, hayajawa machafu kiasi hicho. Maliza kwa kufuta na kitambaa kisafi cha jikoni kilichofuliwa, kufuta nako kunatoa kitu. Khanga uliyojifunga kutwa nzima hapana, na kile kitambaa cha muuzaji anachofutia nyanya zote za meza zing'ae hicho ndio kabisa, kinahamisha dawa na vijidudu kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine.

Na hapo nikuonye kitu. Usije ukaanza kuchagua nyanya zinazong'aa ukadhani ndio hazina dawa. Unga unauona kwa sababu ni unga. Dawa nyingi za wadudu, profenofosi, zile za jamii ya pairethroidi, imidaklopridi, zikikauka huzioni kwa macho, hazina rangi na mara nyingi hazina hata harufu. Nyanya nzuri inayong'aa mezani inaweza kuwa imefutwa dakika tano zilizopita. Na kinyume chake kuna weupe ambao siyo dawa, ile nta ya asili kwenye kabichi na kwenye zabibu, ukipitisha kidole inaacha alama lakini ni ya mmea wenyewe. Kwa hiyo osha zote, yenye unga na isiyo na unga, hata ile ya shamba la bibi.

Swali lako la moto, hili ndo nataka ulishike vizuri kuliko yote. Kuna dawa kweli zinapungua kwa kupikwa, zingine zinavunjika, zingine zinaondoka na mvuke. Ila mankozebu ina tabia mbaya, ikipata joto sehemu yake inageuka kuwa kitu kingine kinaitwa ethilinithiourea, na hicho ndicho kinachowaumiza vichwa wataalamu wa sumu kuliko hata mankozebu yenyewe, kwenye majaribio ya wanyama kinavuruga tezi ya shingo, ile inayotengeneza homoni za ukuaji wa mwili na ubongo. Umoja wa Ulaya mwaka 2020 walikataa kuiongezea mankozebu muda wa kibali, sababu zao zilikuwa madhara kwenye uzazi na kuvuruga homoni. Sasa nyumba ngapi nyanya ya kachumbari inaoshwa vizuri kwa sababu inaliwa mbichi, na nyanya ya mchuzi inakatwakatwa moja kwa moja kwenye sufuria kwa sababu "si itaiva"? Nyingi sana, nimeziona. Nyanya ya mchuzi ndiyo iogopwe zaidi, kwanza unatumia nyingi kwa mkupuo, pili inakaa motoni mda mrefu, tatu mtoto anaila kila siku. Iosheni kabla ya kupika, kila mara.

Sisemi ukila mchuzi wa jana utaugua leo, hapana. Viwango vya mabaki vinavyoruhusiwa vinawekwa kwa tahadhari kubwa, kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maishani bila madhara kawaida kinapatikana kwa kuchukua dozi ambayo haikumdhuru mnyama wa maabara na kuigawanya kwa 100. Kuna nafasi kubwa ya usalama hapo. Wasiwasi wangu ni mazoea ya kila siku miaka na miaka, na ni watoto, maana mtoto wa kilo kumi na mbili akila nyanya moja ni mzigo tofauti na wewe wa kilo sitini na tano ukila hiyohiyo.

Haya, sasa hayo makorokoro ya kwenye grupu. Bekin soda ndiyo yenye ushahidi unaoeleweka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst walichukua maepo wakayapaka dawa mbili, thiabendazoli na fosmeti, wakayaosha kwa maji ya bomba, kwa maji yenye klorini, na kwa maji yenye soda ya kuokea gramu 10 kwa lita. Soda ilishinda, ila haikuwa ya kupitisha haraka, ilihitaji dakika 12 kumaliza thiabendazoli ya juu ya ganda na dakika 15 kumaliza fosmeti. Inafanya kazi kwa sababu maji yake yana ubesi kidogo, yaani kinyume cha uchachu wa siki, na kuna dawa zinavunjika kwenye hali hiyo. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa lita moja. Lakini soma na upande wa pili wa utafiti huohuo, baada ya saa 24 asilimia 20 ya thiabendazoli na asilimia 4.4 ya fosmeti ilikuwa imeshapenya ndani ya epo, na hiyo soda haikuigusa. Zilikuwa dawa mbili tu na tunda moja, kwa hiyo usiichukulie kama dawa ya kila kitu.

Mimi ningekushauri hivi, kama una epo, hoho, tango au nyanya ambazo mtaila mbichi na ganda lake na una nafasi ya robo saa, sugua kwanza kwa maji, loweka kwenye hiyo soda, suuza tena. Kama huna soda usijisikie vibaya, kusugua umeshafanya sehemu kubwa. Ila tafadhali hakikisha ni ile soda ya kuokea ya kwenye kipakti kidogo, baikaboneti, siyo beking pauda ya keki, na siyo ile kostiki soda ya watengeneza sabuni, hiyo inaunguza ngozi na koo, na madukani watu wanachanganya haya majina kila siku. Ukiona hujaelewa ulichopewa usitumie.

Chumvi inasaidia kidogo kwa baadhi ya dawa, na faida yake kubwa zaidi ni kuwatoa viwavi na vidukari waliojificha kwenye kabichi na kwenye majani. Loweka dakika kumi, suuza vizuri, basi. Siki nayo kidogo hivyohivyo, inapunguza na vijidudu, ila ili ifanye kazi ya maana inabidi iwe nyingi, na kwa bei yake afadhali hiyo hela ununue matunda. Nyanya nayo ikilowekwa kwenye siki inabaki na ladha, watoto hawaipendi.

Sabuni ya unga hapana, na sabuni ya maji ya vyombo pia hapana. Ganda la mboga na tunda lina vitundu, sabuni inaingia na haisuuziki yote, unatoa kemikali moja unaweka nyingine na tumbo la mtoto ndo linalipia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo inashauri usioshe matunda na mboga kwa sabuni. Za nguo zina manukato na ving'arisha, hata siyo kitu cha kujadili.

Maji ya klorini yana kazi yake ambayo ni kuua vijidudu, ila kwa dawa za mashambani siyo suluhisho, na kuna dawa za jamii ya klopirifosi na malathioni ambazo klorini inazigeuza kuwa umbo kali zaidi kuliko zilivyokuwa. Kwa hiyo kama mtaani kuna kipindupindu na unataka kutumia klorini kwenye saladi, osha na kusugua kwanza kwa maji, toa ulichoweza kutoa, ndo uje kwenye klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, alafu suuza. Zile mashine za ozoni zinazotangazwa mitandaoni, maji yanatoa mapovu na rangi chafu halafu wanakuambia hiyo ni dawa imetoka, kuna ukweli kwamba ozoni inavunja baadhi ya kemikali za juu, lakini rangi ya maji haithibitishi kitu, na kilichoingia ndani hakitoki. Hiyo hela sikushauri uitoe.

Sasa kuharisha kwa mtoto. Uliunganisha na dawa kwa sababu uliuona unga, naelewa, lakini mtoto wa miaka miwili aliyeharisha siku mbili baada ya kachumbari, mimi wa kwanza kumshuku ni kijidudu. Kachumbari ni chakula kibichi, kimepita mikono ya mvunaji, ya wapakiaji matenga, ya dalali, ya muuzaji na yako, kitunguu kimekatwa kwenye kibao ambacho labda asubuhi kilikatiwa samaki. Mboga za majani za mabondeni hapa Dar, zile za pembezoni mwa Msimbazi na mito mingine, baadhi zinamwagiliwa maji ambayo usingependa hata kukanyaga. Kuosha vizuri kunakusaidia pande zote mbili, ndo maana nalisisitiza sana hata kwa watu wasiojali habari za dawa. Ikitokea tena mpe maji ya ORS na uulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki, endelea kumnyonyesha au kumlisha, akilegea, macho yakaingia ndani, akakojoa kidogo au kukawa na damu mpeleke mara moja. Sumu ya dawa za wadudu za jamii ya profenofosi ina sura yake, mate yanatoka mengi, jasho, kutapika, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi inabana, na inakuja haraka, ndani ya saa chache. Hiyo tunaiona zaidi kwa waliopulizia bila kujikinga au mtoto aliyekunywa dawa iliyowekwa kwenye chupa ya soda, mara chache sana kwa mabaki ya kwenye nyanya. Ukiiona kimbia hospitali usisubiri. Na kwa vile nimetaja chupa, yale madumu yaliyobebea dawa za shamba yanasafishwa yanauzwa mitaani, usiyanunue kuwekea maji hata kama hayanuki.

Kile nilichosema mwanzo kwamba kuna dawa haioshiki. Kuna dawa zinafanya kazi kwa kunyonywa na mmea, zinasafiri ndani pamoja na maji yake mpaka kwenye jani na tunda, mdudu akitafuna au kufyonza anakufa. Imidaklopridi ni hivyo, na kwa upande wa dawa za ukungu kuna metalaksili, ambayo mara nyingi inauzwa imechanganywa na mankozebu kwenye mfuko mmoja, nusu ya kazi inafanyika juu nusu ndani. Zilivyokuwa nyingi zaidi kwenye nyanya zina historia. Mwaka 2014 aliingia nchini yule nondo mdogo Tuta absoluta, wakulima wakambatiza kantangaze, kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda ambako dawa ya juu haimfikii, watu wakapoteza mashamba mazima, na wakaanza kuchanganya dawa mbili tatu kwenye solo moja na kupiga mara nyingi zaidi. Siwalaumu kwa kutaka kuokoa mtaji, na wao ndio wanaoumia wa kwanza kwa sababu wanazivuta hizo dawa bila barakoa wala glavu.

Kinga ya dawa za ndani iko shambani. Kila dawa iliyosajiliwa ina siku za kusubiri zimeandikwa kwenye lebo, kuanzia siku ya kupiga hadi siku ya kuvuna, ndani ya siku hizo jua na mmea wenyewe vinaipunguza. Nyanya ndo inapoharibikia hapo, kwa sababu haivunwi mara moja ikaisha, inavunwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, mkulima anapiga leo kwa sababu ukungu umeonekana na dalali anafika kesho na gari na matenga. Asipovuna zinaozea shambani. Wanaosajili dawa na kupima mabaki hapa nchini ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 ikachukua nafasi ya ile TPRI ya zamani pale Ngaramtoni, Arusha. Lakini hakuna maabara itakayopima kila tenga linaloshuka Ilala au Kariakoo, hilo tuwe wakweli.

Kwa hiyo wewe jikoni ufanye nini na dawa ya ndani? Moja, usile kitu kimoja kila siku kwa wingi, zungusha. Mlenda, majani ya kunde, kisamvu, matembele, majani ya maboga, kwa kawaida havipigwi dawa kama nyanya, kabichi na hoho, na vina lishe kuzidi hata hiyo kabichi. Mbili, uwe na muuzaji wako mmoja anayejua mzigo unatoka wapi, ukimuuliza kila mara zimetoka shamba gani na zimepigwa lini na yeye ataanza kumuuliza dalali, mimi naamini hilo linafanya kazi taratibu kwa sababu muuzaji hataki kupoteza mteja. Tatu, kumenya. Kumenya hakutoi kilichofika katikati, lakini kunatoa kila kilicho juu na kilichonasa kwenye nta ya ganda, zile pairethroidi na klopirifosi zilizogoma kutoka kwa maji zinakaa hapo. Nyanya ya mtoto, ukishaiosha, ichane msalaba kidogo chini, iweke kwenye maji ya moto kama nusu dakika, itoe uitie kwenye maji baridi, ganda linavuka lenyewe.

Kwa zingine nipite haraka. Kabichi ni katika mboga zinazopigwa sana kwa sababu ya viwavi wa nondo, toa majani mawili matatu ya nje utupe, usiwape sungura, alafu yaliyobaki osha yakiwa bado mazima ndo ukate. Mchicha na spinachi osha jani kwa jani kwa maji matatu, na uoshe kabla ya kukata, wengi wetu tumezoea kukata kwanza ndo kuosha, unapoteza vitamini kwenye maji na uchafu wa juu unaingia kwenye mikato. Tango menya. Karoti kwangua. Hoho ina bonde pale juu kwenye kikonyo, dawa inatulia hapo kama kwenye nyanya, kata hiyo sehemu utupe baada ya kuosha. Maepo yanayotoka nje yamepakwa nta na mara nyingi dawa ya ukungu chini yake, mtoto mmenyee. Zabibu zichambue kwenye kichane, zioshe kwenye chujio huku unazigeuza kwa mkono. Embe, chungwa, ndizi, tikiti vina maganda yanayotupwa, ila vioshe kabla ya kukata kwa sababu kisu kinachukua cha juu kinapeleka ndani. Na usioshe kitu kikakaa na maji, osha unapotaka kutumia, la sivyo kinaoza mapema.

Kitu kimoja cha nyanya ambacho watu hawakijui, zikitoka juani za moto usizitumbukize kwenye maji ya baridi ya friji. Nyanya ya moto ikipoa ghafla inavuta maji ndani kupitia pale kilipokatika kikonyo, na yale maji yanaingia na vijidudu vyake. Ziache kivulini zipoe kwanza, uoshe kwa maji ya kawaida.

Na usimwachishe mtoto mboga na matunda kwa sababu ya hofu hii. Nakuambia hivi kwa sababu nimeshakutana na kina mama waliofika huko, mtoto anakula wali na maharage tu wiki nzima kwa kuogopa dawa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wengi wetu hatufiki hata nusu. Kukosa hivyo vitu kuna madhara yaliyo wazi zaidi kuliko mabaki yaliyobaki kwenye nyanya uliyoisugua na kuimenya. Kachumbari yake endelea kumpa kwa kiasi, nyanya imeoshwa imemenywa, tango limemenywa, kitunguu kimetolewa ganda na kuoshwa tena baada ya kumenya, kibao na kisu vimeoshwa kwa sabuni na kukaushwa, mikono yako pia. Itengeneze wakati wa kula aile hapohapo, ikibaki usimuwekee ya jioni.